Kisichopimwa Kiandikwe Hakikupimwa

Wanangu wa Kagoma, na nyote wa Muleba na Bukoba mlioshika kazi ya kompyuta,

Swali mnaloniletea mkirudi likizo ni moja, ingawa kila mmoja hulitamka kivyake. Mmeandika majaribio yanayojiendesha yenyewe usiku, kazi yake kupima kiendeshi cha kadi ya mtandao, ile draiva inayoiwezesha keneli ya Linux kuongea na kadi. Asubuhi mnakuta jaribio moja limekwama. Kadi ni nzima, waya ni mzima, ila ule uwezo uliotakiwa kupimwa haupo kabisa kwenye mashine hiyo. Mmoja wenu anataka liandikwe limefaulu, maana hakuna kilichoharibika. Mwingine anataka liandikwe limeshindwa, maana halikufika mwisho. Wa tatu analifuta ili lisimsumbue tena.

Jibu langu ni fupi, na yote yanayofuata ni ufafanuzi wake. Kisichopimwa kiandikwe hakikupimwa, sababu yake itajwe, na awepo mtu wa kuisoma sababu hiyo. Ukikosekana wajibu mmoja kati ya hiyo mitatu, ripoti yenu itawadanganya wenzenu, na ninyi wenyewe itawadanganya kabla yao.

Jambo hili mnalijua tangu shuleni. Matokeo ya Baraza la Mitihani yakitoka, aliyefanya mtihani akashindwa ana alama yake, na ambaye hakufika chumba cha mtihani huandikiwa ABS. Hakuna mzazi wa hapa Kagoma anayeshangilia ABS, na hakuna mwalimu anayeweza kuitazama akasema huyu mtoto hana akili. Alama hiyo humtuma mtu aende kuuliza: mtoto aliumwa? Ada ilikwama? Alihama? Basi jaribio lililorukwa linatakiwa kuwa na kazi hiyo hiyo ya kumtuma mtu akaulize.

Wala msidhani kosa la kuchanganya mambo haya ni la wanafunzi peke yao. Ndani ya chanzo cha keneli ya Linux kuna mkusanyiko wa majaribio uitwao kselftest, unaokaa kwenye folda ya `tools/testing/selftests`. Kwa miaka mingi majaribio mengi ya humo yalipokuta kitu yanachokihitaji hakipo, yalijitoa kimya yakarudisha namba 0. Katika Linux, programu ikirudisha 0 imesema kazi imekwisha salama. Kwa hiyo jaribio ambalo halikufanyika lilihesabiwa pamoja na yaliyopita. Mwaka 2018 Shuah Khan, msimamizi wa kselftest, alipitisha mfululizo wa marekebisho, folda baada ya folda, folda ya mtandao ikiwemo, ili majaribio hayo yarudishe namba 4, ambayo kselftest imeitenga kwa ajili ya kuruka. Sababu aliyoiandika ilikuwa nyepesi kueleweka: kurudisha sifuri kunatoa picha ya uongo ya jaribio lililofaulu. Kama wataalamu wa keneli yenyewe walihitaji kusahihishwa, ninyi msione haya kusahihishana.

Namba hizo zishikeni kichwani. Katika kselftest, 0 ni kufaulu, 1 ni kushindwa, 2 ni kushindwa kulikotarajiwa, 3 ni kufaulu ambako hakukutarajiwa, na 4 ni kuruka. Mradi wa LTP, ambao nao hupima Linux, una neno lake TCONF na namba 32 kwa jaribio ambalo mazingira hayaliruhusu. GNU Automake hutumia 77. Kila mradi una namba zake, kwa hiyo mkihamia mradi mwingine ulizeni kwanza. Namba 4 ukiipeleka mahali wasipoijua, itasomwa kama kosa lolote lile.

Sasa niwape nasaha zenyewe, moja moja.

La kwanza, jueni pengo liko wapi. Neno "haipo" halitoshi, kwa sababu uwezo unaweza kukosekana katika ngazi nne tofauti, na kila ngazi ina dawa yake.

Ngazi ya kwanza ni keneli yenyewe. Huenda ni ya zamani, au ni mpya lakini aliyeijenga hakuuwasha uwezo huo. Hapo someni `/proc/config.gz` kama ipo, au faili la usanidi lililoko `/boot`. Dawa yake ni kuijenga keneli upya. Ngazi ya pili ni kiendeshi: keneli inaujua uwezo huo, lakini mwandishi wa kiendeshi cha kadi yenu hakuuandikia msimbo. Ngazi ya tatu ni kadi, yaani chuma chenyewe. Kadi nyingi za bei ndogo, za aina mnayoikuta kwenye laptopu za mitumba, hazina saa ya ndani ya kupimia muda wa pakiti, iitwayo saa ya PTP, na hakuna programu itakayoiotesha. Amri ya `ethtool -T` itawaonyesha kama saa ipo, na `ethtool -k` itawaandikia `[fixed]` mbele ya kila uwezo ambao hauwezi kuwashwa wala kuzimwa. Ngazi ya nne husahaulika zaidi ya zote: ni zana mnazozitumia kupimia. Ikiwa `ethtool` au `ip` ya kwenye mashine ni ya zamani, itakataa amri ambayo keneli ingeikubali bila shida. Hapo mtailaumu kadi isiyo na hatia, kumbe kilichohitajika ni kusasisha kifurushi kimoja.

Kwa hiyo sababu ya kuruka isiandikwe "haikubaliki" halafu basi. Andikeni kitu gani kimekosekana, kwenye kadi ipi, na kiendeshi kipi. "enp3s0, kiendeshi r8169, haina saa ya PTP" ni sentensi ambayo mtu aliye Dodoma anaweza kuifanyia kazi bila kuwapigia simu. "Jaribio limerukwa" ni sentensi inayompotezea siku nzima.

La pili, msiamue kwa namba ya toleo. Nimeona vijana wakiandika jaribio linalosoma `uname -r`, likikuta toleo chini ya fulani linaruka. Kwa macho ni busara, kwa matendo ni mtego. Kampuni zinazosambaza Linux kwa seva huchukua keneli ya zamani na kuipandikizia uwezo wa keneli mpya huku namba ikibaki ile ile. Red Hat Enterprise Linux 9, kwa mfano, inatembea na namba 5.14 tangu ilipotoka mwaka 2022, lakini ndani yake mna mambo mengi yaliyozaliwa baada ya 5.14. Jaribio linaloangalia namba litaruka mahali ambapo lingeweza kupima. Na kinyume chake kipo: keneli yenye namba kubwa inaweza kuwa imejengwa bila ule uwezo. Njia ya haki ni kukiomba kitu chenyewe na kusikiliza jibu. Keneli inajijua kuliko namba yake inavyoweza kuieleza.

La tatu, pokeeni kosa moja tu, kwa jina lake. Hapa ndipo penye mashaka mengi, nitakaa kidogo.

Mkiiomba keneli kitu ambacho kiendeshi hakina, jibu lake la kawaida ni kosa liitwalo EOPNOTSUPP, yaani tendo hili halitegemezwi. Hilo ndilo linalowapa ruhusa ya kuruka. Lakini kuna makosa mengine yanayofanana nalo kwa mbali. EPERM maana yake huna ruhusa. Huenda umesahau kuendesha jaribio kama msimamizi wa mfumo. EBUSY maana yake kifaa kina shughuli nyingine. ENODEV maana yake kadi uliyoitaja haionekani, pengine jina lake limebadilika baada ya mashine kuwashwa upya. EINVAL ndilo gumu zaidi, kwa sababu lina nyuso mbili: keneli ya zamani inaweza kulitoa kwa kuwa haijui unachokisema, na keneli mpya inaweza kulitoa kwa kuwa umekisema vibaya. Jaribio linaloyachukua makosa yote hayo na kuyaita "uwezo haupo" limefunga macho. Kesho kiendeshi kitaharibika kweli, kitarudisha EINVAL pale kilipokuwa kikifanya kazi, na jaribio litaruka kwa utulivu kabisa.

Tazameni mfano mzuri ulioko kwenye keneli yenyewe, katika jaribio la takwimu za kadi lililoko `drivers/net/stats.py`. Linaomba taarifa za fremu za kusitisha mtiririko. Likipata EOPNOTSUPP, linatangaza kwamba kifaa hakina uwezo huo na kuliweka tukio kwenye fungu la kushindwa kulikotarajiwa; si fungu la kuruka, ila kanuni ya kupokea kosa moja kwa jina ni ile ile. Likipata kosa lingine lolote, linalirusha juu kama lilivyo, na jaribio linaanguka mbele ya macho ya watu. Mistari yenyewe haifiki kumi. Siri yake yote imo katika huo mstari wa mwisho unaokataa kumeza kosa lisilojulikana.

Tena, tumieni jina la kosa, msitumie namba yake. Kwenye kompyuta zetu za kawaida EOPNOTSUPP ni 95. Kwenye mashine za MIPS, aina ya kichakato iliyomo katika ruta nyingi za zamani, kosa hilo hilo ni 122. Mwenye kuandika 95 kwenye msimbo wake atashangaa jaribio linapoanguka kwenye ruta huku kwenye laptopu likiruka vizuri. Na mkikutana na namba 524, ambayo zana zenu zitaiita kosa lisilojulikana, jueni kuna kiendeshi kilichorudisha ENOTSUPP. Hilo ni kosa la matumizi ya ndani ya keneli, halikutakiwa kutoka nje kumfikia mtumiaji. Kulikuta ni dosari ya kiendeshi ya kuripotiwa. Msiliongeze kwenye orodha ya sababu za kuruka ili kelele ziishe.

Keneli za tangu mwaka 2017 huweza pia kuambatanisha maelezo ya maneno pamoja na kosa. Yachukueni maelezo hayo, myaweke kwenye ripoti kama yalivyo. Mwandishi wa kiendeshi amejitahidi kuwaeleza sababu. Si adabu kuitupa.

La nne, ogopeni ndiyo ya uongo kuliko hapana ya kweli. Kosa likirudi, angalau mmeambiwa. Hatari kubwa ni keneli kusema sawa, halafu kitu kisifanyike, au kifanywe na mwingine asiyekuwa mlengwa wenu.

Mifano ipo mitatu ya kukumbuka. Mmoja ni njia ya netlink, ambayo zana za mtandao huitumia kuongea na keneli. Kwa miaka mingi, keneli ikipokea kupitia netlink kipengele isichokijua, mara nyingi ilikipuuza na kuendelea. Ukaguzi mkali kwa amri mpya uliingia na toleo la 5.2 mwaka 2019, lakini tabia ya zamani imebaki katika maeneo mengi ili programu za zamani zisivunjike. Maana yake ni kwamba mnaweza kuweka mpangilio, mkajibiwa sawa, na mpangilio usiwepo. Dawa ni moja: mkishaweka, someni tena mhakikishe umewekwa.

Mwingine ni XDP, ile njia ya kushughulikia pakiti mapema kabisa ndani ya kiendeshi. Kiendeshi kisipokuwa nayo, na ninyi hamkusema mnataka hali ya kiendeshi, keneli itaichukua programu yenu na kuiendesha kwa njia ya jumla, nje ya kiendeshi. Pakiti zitapita, jaribio litasema limefaulu, na kiendeshi mlichokusudia kukipima hakijaguswa. Basi lazimisheni hali ya `xdpdrv`. Ikikataliwa, hapo mna haki ya kuruka.

Wa tatu ni kanuni za `tc` za kuchuja pakiti. Mkiandika kanuni bila neno `skip_sw`, inaweza kukaa kwenye programu ya keneli tu bila kushuka kwenye kadi, na hakuna atakayewaambia msipouliza. Orodha ya kanuni huonyesha `in_hw` kwa iliyoshuka na `not_in_hw` kwa iliyobaki juu. Jaribio la kupima kadi lisiloangalia alama hiyo limepima kichakato cha kompyuta likadhani limepima kadi.

La tano, kagueni kabla ya kugusa. Jaribio zuri huuliza kwanza kila linachokihitaji, na lisipokipata huondoka kabla ya kubadili chochote. Jaribio baya hubadili ukubwa wa pakiti, huzima foleni, huongeza anwani, kisha katikati ya safari hugundua uwezo fulani haupo na kuruka, likiiacha kadi vichwa chini miguu juu. Jaribio linalofuata litaanguka kwa kosa ambalo si lake. Katika bash wekeni `trap` ya kusafisha mara tu mnapoanza kubadili. Katika maktaba ya Python iliyoingia kselftest mwaka 2024 kuna `defer`, inayofanya kazi hiyo vizuri.

Sisi wa huku tuna sababu ya ziada ya kulizingatia hili. Mkongo wa Taifa wa Mawasiliano unapita mkoani kwetu Kagera kuelekea Mutukula na Uganda, na wengi wenu mnaendesha mashine iliyoko Bukoba mkiwa Dar es Salaam. Mkiiharibu kadi pekee ya mashine hiyo katikati ya jaribio, mmejifungia nje. Atakayeifungua ni mtu wa kupanda bodaboda aende akaibonyeze kwa mkono. Kwa hiyo mashine ya majaribio iwe na kadi mbili: moja ya kuingilia, nyingine ya kupimia.

Na lipo la umeme. Mkoa wa Kagera uliishi miaka mingi kwa umeme unaotoka Uganda, nje ya gridi ya taifa, na kukatika kwake tumekuzoea. Sikilizeni: jaribio lililokatwa katikati na umeme halikurukwa. Lilianza, halikumaliza. Lipeni fungu lake, muwe mnaliendesha upya. Jaribio lililoisha muda wake ni hivyo hivyo. Muda kwisha kunaweza kuwa ndiyo dalili ya pekee ya kiendeshi kilichoganda, na mkiuita kuruka mmeizika dalili hiyo.

La sita, na hili ndilo nawasihi mlishike kuliko yote: wekeni daftari la kinachotarajiwa. Kuruka ni ruhusa, na ruhusa isiyo na daftari hugeuka kuwa kichaka cha kujifichia.

Chukueni mashine moja moja, muandike inatakiwa kuweza nini. Mashine ya Muleba ina kadi hii, keneli hii, inapima haya, inaruka yale, kwa sababu hizi. Kila asubuhi ripoti ilinganishwe na daftari. Jaribio lililokuwa likirukwa likiendelea kurukwa kwa sababu ile ile, hamna la kufanya. Lakini jaribio lililofanyika jana likirukwa leo, simamisheni kazi. Ama kuna mtu ameijenga keneli akasahau mstari mmoja wa usanidi, ama kiendeshi kimepoteza uwezo kiliokuwa nao, ama zana imeshushwa toleo. Yote matatu ni habari nzito, na yote matatu yatafika kwenye ripoti yakiwa na sura ya upole ya neno "limerukwa".

Usanidi mnaohitaji msiubuni wenyewe. Folda nyingi za kselftest zina faili liitwalo `config` linaloorodhesha ambacho keneli inatakiwa kuwa nacho, na amri ya `make kselftest-merge` huyaunganisha mahitaji hayo na usanidi wenu. Mkiandika jaribio jipya linalohitaji kitu kipya, ongezeni mstari wake humo siku hiyo hiyo. Majaribio mengi yanayorukwa bila sababu ya msingi yangefanyika kama mtu angeandika huo mstari mmoja.

Angalieni pia namna mnavyohesabu. Katika muundo wa matokeo unaotumiwa na kselftest, jaribio lililorukwa huandikwa kwenye mstari unaoanza na `ok`, na neno `SKIP` huja baadaye kwenye mstari huo. Kijana anayehesabu mistari inayoanza na `ok` amehesabu waliofaulu na wasiofika kwa pamoja. Vilevile, faili lenye vipengele kumi na viwili linaweza kurudisha 0 ilhali vipengele tisa vimerukwa, maana hakuna kilichoanguka. Kwa hiyo msiridhike na namba ya mwisho ya faili. Someni kipengele kwa kipengele. Na asilimia zenu ziwe za kweli. Kama majaribio ni 40, yamefanyika 10 na yote yamepita, andikeni yamepita 10 kati ya 10 yaliyofanyika, na 30 hayakufanyika. Mwenye kuandika "asilimia mia" akanyamaza ametoa ushahidi wa uongo kwa kutumia hesabu sahihi.

La saba, msiifanye kuruka kuwa starehe. Yupo kijana ambaye laptopu yake inaruka robo tatu ya majaribio naye amelala usingizi, kwa kuwa hakuna chekundu. Tafuteni mahali pa kupimia. Keneli ina kiendeshi kiitwacho netdevsim, kilichoingia toleo la 4.16 mwaka 2018 kwa kazi ya Jakub Kicinski, ambaye leo ni mmoja wa wasimamizi wa sehemu ya mtandao ya keneli. Hicho huigiza kadi ya mtandao bila kadi yoyote, na kijana aliye Kagoma na laptopu ya mitumba anaweza kuunda nacho kadi za kufikirika, akajifunza majaribio yanavyoandikwa hadi usiku wa manane bila kununua kitu. Mashine bandia ya QEMU nayo itawapa keneli yoyote mnayoitaka. Ila kumbukeni mpaka wake: netdevsim ikipita, mmejua keneli na jaribio vinaelewana. Kuhusu kadi halisi hamjajua lolote, na ripoti yenu iseme hivyo. Mkimaliza huko, mtafuteni mwenye kadi halisi, awe Bukoba mjini, au chuoni UDOM au Nelson Mandela kule Arusha, mumwombe aendeshe kile msichoweza kukiendesha. Kuomba mashine ya mwenzako kwa saa mbili si aibu katika kazi hii. Watengenezaji wakubwa wa kadi nao kila mmoja hupima kwa chuma alichonacho, kisha matokeo yakakusanywa pamoja.

Nimalizie na lisilo la msimbo. Mtaajiriwa, na siku moja mtakuwa na mkuu wa kazi anayetaka ukurasa wote uwe wa kijani kabla ya Ijumaa. Atawaambia yaliyorukwa yahesabiwe yamepita, au yafutwe. Msibishane naye kwa hasira. Yeye ni mkubwa wenu na ana wakubwa wake. Mwekeeni mezani safu tatu: yaliyopita, yaliyoshindwa, yasiyopimwa na sababu zake. Mwambieni kwa heshima kwamba safu ya tatu mtaipunguza kwa kazi, na mumwoneshe mnahitaji nini: kadi ya aina fulani, keneli iliyojengwa upya, siku mbili. Wakubwa wengi hukubali wakiona orodha yenye bei. Akikataa kabisa, hakikisheni jina lenu halipo chini ya ripoti isiyo ya kweli. Wazee wetu walisema mficha maradhi, kifo humuumbua, na mitambo haina huruma kuliko kifo katika hilo.

Maana ripoti ile inaishia kwa watu. Kiendeshi kinachokosea hesabu ya kuhakiki pakiti kitakaa kwenye seva, na seva itakaa kwenye hospitali kama Rubya, Kagondo au Ndolage, au kwenye ofisi ya halmashauri, au nyuma ya wakala wa fedha za simu pale Kamachumu. Mama anayesubiri jibu la maabara hatajua neno keneli wala neno jaribio. Atajua tu kwamba mtandao umekataa, na atarudi nyumbani bila jibu. Kati yake na kosa lile alikuwepo mmoja wenu, aliyeona uwezo haukupimwa na kuchagua la kuandika.

Basi wanangu, nawaomba jambo moja mlifanye wiki hii, kabla hamjasahau maneno ya mzee. Fungueni majaribio yenu, mtafute kila mahali jaribio linapojitoa mapema. Kila mnapokuta linarudisha 0, badilisheni lirudishe namba ya kuruka. Kila mnapokuta linapokea kosa lolote, libaneni lipokee moja kwa jina. Kila mnapokuta sababu ya maneno mawili, andikeni sentensi nzima. Kisha anzisheni daftari, na mmpe mtu mmoja zamu ya kulisoma kila asubuhi. Atakayeshindwa kuanza aje nyumbani Kagoma tukae naye. Mlango uko wazi, waitu.